Maswali ya Wasomaji: Muda Mmoja, Mshindi Mmoja

SWALI: Ndugu Mhariri, usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025 tulikuwa mwaloni Kirumba tukisubiri mitumbwi ya dagaa, watu sita tumeizunguka simu moja, tukamwona Alphonce Simbu akishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo. Furaha ilipopoa, mwenzetu mmoja akatuonyesha kwamba Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wameandikiwa muda uleule, 2:09:48, akadai kuwa kwa haki dhahabu ilipaswa kugawanywa, kama walivyogawana warukaji wawili wa kuruka juu katika Olimpiki iliyofanyika jiji hilohilo mwaka 2021. Ubishi haujaisha mpaka leo. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Mwenzenu ameona jambo la kweli, ila hukumu aliyoitoa siyo. Katika mbio za barabarani, kanuni hutaka sehemu yoyote ya sekunde ipandishwe hadi sekunde kamili inayofuata, kwa hiyo wakimbiaji waliopishana kwa sekunde 0.03, kama walivyopishana hawa, wanaweza kuandikiwa muda mmoja ingawa hawakufika pamoja. Muda huandikwa kwa ajili ya kumbukumbu. Nafasi huamuliwa na picha.

Na picha yenyewe si kama ile mnayopiga kwa simu. Kamera ya mwisho wa mbio haiutazami uwanja bali mstari peke yake, ikipiga kipande chembamba kama uzi maelfu ya mara kwa sekunde, kisha vipande hivyo hupangwa ubavu kwa ubavu hadi ipatikane picha moja ndefu ambayo ndani yake kulia na kushoto si mahali, ni wakati. Ndiyo maana humo mguu wa mtu huweza kuonekana umerefuka kama wa korongo, au umepinda pasipo na goti. Mwamuzi husogeza mstari wima mpaka uguse kiwiliwili cha kila mkimbiaji, na kiwiliwili ndicho kinachohesabiwa. Kichwa, shingo, mikono na miguu havimo. Petros, aliyekuwa mbele katika mita za mwisho, alijirusha mstarini akaanguka, na mtu anayeanguka kwa mbele humdanganya mtazamaji aone kwamba ametangulia, lakini kiwiliwili cha Simbu kilikuwa kimeshafika. Mkigawanya mita 42,195 kwa muda wao, mtaona walikwenda zaidi ya mita 5 kwa kila sekunde, hivyo sekunde 0.03 ni kama sentimita 16 kwa mwendo wa wastani, na kwa kuwa mwishoni waliongeza kasi, tuseme ni shubiri moja. Shubiri, baada ya kilomita 42!

Warukaji aliowataja, Mutaz Barshim wa Qatar na Gianmarco Tamberi wa Italia, walikuwa wamevuka kimo kimoja huku hesabu ya makosa yao ikiwa sawa, na kanuni za mchezo wao ziliwaruhusu kutoendelea kuruka. Mkimbiaji hana hiari hiyo. Sare hutolewa pale tu picha inaposhindwa kuwatenganisha, na safari hii haikushindwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Vijana wa hapa kwetu wanasema hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu ya dunia kabla ya Simbu, na kwamba watu wa ziwani tumezoea kuvua tu, hatujawahi kuleta medali kubwa. Naomba wasomeshwe. (Mwalimu, Musoma)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwa mashindano ya dunia ya riadha, vijana hawajakosea: kabla ya hapo tulikuwa na fedha ya Christopher Isengwe, Helsinki 2005, na shaba ya Simbu huyuhuyu, London 2017. Hata hivyo wasimruke Fabiano Joseph, ambaye mwaka huohuo wa 2005 alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, mashindano yaliyokuwa yakifanyika peke yake.

La ziwani ndilo wamepotea kabisa, tena wakiwa nyumbani. Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita, na katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Fedha nyingine ya michezo hiyo ilikuwa ya Filbert Bayi, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Kijana wa Musoma anayeweza kukutajia kikosi kizima cha timu ya Uingereza pamoja na wachezaji wa akiba, akashindwa kumtaja Nyambui, mpe adhabu ya kufyeka.

SWALI: Ratiba iliandika 7:30. Nikafunga duka langu saa saba na nusu mchana siku ya Jumatatu ili nimtazame Simbu, nikakuta watu wameshashangilia na kulala. Nilikosea wapi? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Pole sana. Ulikosea nusu tu. Saa 7:30 ya ratiba ilikuwa ya Kizungu, yaani saa moja na nusu asubuhi ya Tokyo, na Tokyo imetutangulia kwa saa sita, ambazo ndizo zinazotenganisha saa ya Kizungu na ya Kiswahili. Kwa bahati hiyo, aliyeisoma 7:30 ya Tokyo kama saa saba na nusu alipata saa yetu barabara, mradi aongeze neno usiku, na Simbu akavuka mstari saa kumi kasoro dakika ishirini, kabla ya jogoo. Usiizoee njia hiyo. Mashindano yajayo ni Septemba 2027, Beijing, ambako tofauti ni saa tano: mbio ikiandikwa 7:30 asubuhi ya kwao, wewe uwe macho saa nane na nusu usiku, na duka ulifungue kama kawaida.