Jibu: Kwa nini mimea vamizi hujaa msitu mmoja na kuuacha wa jirani

Umeuliza kwa nini msitu mmoja umejaa mimea ya kigeni na wa jirani hauna, ilhali udongo na mvua ni vilevile. Mimi ningeangalia kwanza mbegu zinafikaje. Barabara, bustani na bandari huzileta kwa wingi, tena mara kwa mara. Msitu wa mbali huonekana una kinga, kumbe haujajaribiwa tu.

Halafu kuna usumbufu. Miti ikikatwa, mto ukifurika au mbolea ikitiririka kutoka mashambani, mwanga, maji na naitrojeni hubaki bila mwenyewe, na mimea inayokua haraka ndiyo huvidaka. Kingo za mito huvamiwa sana kwa sababu hiyo.

Lile wazo la mwanaikolojia Mwingereza Charles Elton la 1958, kwamba penye spishi nyingi hapavamiki kirahisi, lipokee kwa tahadhari. Kwenye vipande vidogo vya majaribio mara nyingi huwa kweli. Ukipima eneo kubwa, penye mimea mingi ya asili huwa ndipo penye mingi ya kigeni pia, maana rutuba haibagui.

Visiwa ni habari nyingine kabisa: kule Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, Miconia calvescens, mti ulioletwa 1937 kama pambo, umeenea sehemu kubwa ya kisiwa, hata ndani ya misitu isiyokatwa.