Uzito wa mzee haupunguzwi kwa njaa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amemwanzishia mama yake mwenye umri wa miaka 70 mlo mmoja kwa siku pamoja na maji ya ndimu, na kwamba amefurahi kuona kilo zikishuka, ingawa mama sasa analalamika kuwa miguu haina nguvu. Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake.

Nilistaafu ualimu hapa Dodoma nikiwa na kilo 94 na urefu wa sentimita 158, yaani uwiano wa uzito kwa urefu (BMI, kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) uliozidi 37, wakati unene uliokithiri huhesabiwa kuanzia 30. Katika kliniki niliyokuwa nikihudhuria, mhudumu mmoja aliniambia mbele ya foleni nzima, "Mama, funga mdomo," na watu wakacheka. Sijamsahau. Wala hakuniambia lililo muhimu, kwamba mtu wa umri wetu akipungua kwa njaa tu hupoteza mafuta pamoja na misuli, na hata mifupa hupungua uimara, ilhali misuli hiyo ndiyo inayomwinua kitini na kumkinga asianguke. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na yale ya kuufanya mwili usiyumbe siku tatu au zaidi.

Kutembea nilikuanza alfajiri, kabla jua letu halijawa kali. Lililonibadilisha hasa, hata hivyo, ni kiti cha mbao nilichokiegemeza ukutani: nakunja mikono kifuani, nanyanyuka polepole, kisha naketi polepole zaidi, kwa maana hata katika kuketi mapaja yanafanya kazi. Goti likiuma kwa ukali, naacha.

Kuhusu chakula, ugali wa uwele tunaujivunia sana huku Ugogoni, na nitaendelea kuula kwa mlenda mpaka nife, lakini ni wanga kama ugali mwingine, hivyo kinachosaidia ni kipimo. Nilipunguza tonge, nikaongeza kunde, mayai, dagaa na maziwa ili misuli ipate chakula chake. Mafuta ya alizeti, ambayo jikoni kwangu yalikuwa yakimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu, sasa yanapimwa, kwani kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120.

Leo nina kilo 83, daktari amenipunguzia dawa ya shinikizo la damu, na nashuka kwenye daladala bila kushikwa mkono. Ndugu, badala ya kunipongeza, walianza kunong'ona. Kwenye msiba mmoja shangazi yangu alinivuta pembeni akauliza kama nimepima "vitu vyote". Niliumia, na bado naumia, kwa sababu walewale waliniita tipa nilipokuwa mnene.

Ninyi watoto wetu mnaoishi mbali, acheni kutuletea kreti za soda kila mnapokuja kutusalimia, kisha mkishtushwa na matumbo yetu mnatufungisha kama kwaresima. Mzee anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, akipunguziwa chakula ghafla, sukari yake inaweza kushuka kwa hatari. Na anayetumia dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu akaanguka na kuvunjika nyonga.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeniandikia, mrudishie mama kifungua kinywa chake kesho asubuhi, kisha mpeleke kwa daktari mkiwa na dawa zake zote mfukoni, mwulize pia kama figo zake zinaruhusu kuongeza vyakula vya protini. Mkirudi nyumbani, mwombe anyanyuke kitini bila kushika popote, nawe ukiwa umesimama karibu. Akishindwa, anzeni na miguu, kilo zitasubiri.