Hadithi ya sauti moja: kwanza tafuta sababu ya kuwa peke yake

Hadithi za kisayansi ninazorekodi ni za dakika tatu tu. Sauti ni yangu, vifaa ni simu na kabati la nguo. Wanaotaka kuanza huniuliza kuhusu maikrofoni, nami huwauliza: huyu anayeongea, mbona hakuna anayemjibu?

Ukipata jibu, nusu ya kazi imekwisha, na sayansi yenyewe inakusaidia. Mawimbi ya redio kutoka Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika duniani, kutegemea sayari hizi mbili zimekaribiana au zimeachana. Mtu wa huko hawezi kupiga soga na nyumbani. Anatuma ujumbe wa sauti, kisha anangoja.

Maelezo yapunguze. "Mwaka 2190 binadamu walikuwa wamehamia Mwezini" haina mtu ndani yake. Mimi ningeanza hivi: "Shikamoo mama. Leo siku ya tisa jua halijazama, wenzangu wa zamu wanasema nitazoea." Mchana wa Mwezini huchukua takriban wiki mbili za huku kwetu. Anayejua hilo atatabasamu. Asiyejua atahisi tu kwamba hapo si Morogoro. Paukwa naipenda, lakini huku naiacha, maana inataka watu wa kuitikia pakawa.

Roboti usimbanie pua, tafadhali. Kiswahili kina njia nzuri zaidi: mara nyingi swali letu hutambulika kwa mpando wa sauti tu. Mpe roboti wako "Umefunga mlango" bila kupandisha mwishoni. Msikilizaji hajui kama anauliza, anaarifu au anatisha. Kisha nyamaza kidogo kabla ya sentensi inayofuata.

Kuhusu kurekodi, sina mengi. Zima feni, weka simu kwenye hali ya ndege, ingiza kichwa katikati ya nguo zilizotundikwa, zimeze mwangwi. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Kwa kasi yangu dakika moja hula maneno 110 hivi. Hadithi ikifika 400 nakata, na mara nyingi aya ya kwanza ndiyo inayoondoka. Kukatakata sauti kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.

Mtaani kwetu saa nzuri ni kuanzia sita usiku, bodaboda zikishapungua. Ukichelewa zaidi, majogoo wa jirani nao wanataka sehemu.