Aliyechoma kijiji akionekana Kariakoo

*Wakili, mpangaji mwenzangu ni mkimbizi. Majuzi alimwona Kariakoo mtu aliyeongoza wapiganaji waliochoma kijiji chao. Akienda polisi, atashtakiwa hapa? Mama wa Mbagala*

Aende, mama, ila sikufichi: sheria yetu ina pengo. Mikataba ya Geneva ya 1949 inaitaka kila nchi mwanachama imsake aliyetenda makosa makubwa katika vita vya mataifa, imshtaki au imkabidhi kwa wengine wamshtaki, popote alipoyatenda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havikuwekewa sharti hilo. Mkataba wa Roma, ulioanzisha mahakama ya kimataifa ya jinai ya The Hague, unavigusa, nasi tuliuridhia 2002. Lakini kwetu mkataba ulioridhiwa haugeuki wenyewe kuwa kosa la jinai. Hakimu atauliza kifungu. Kenya ilitunga sheria ya kuutekeleza mkataba huo 2008, Uganda 2010. Sisi bado, na inaniuma, kwa sababu ni Arusha hapa hapa ambako Umoja wa Mataifa uliwahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Mwambie aandike leo alichokiona: siku, mahali, majina, nani mwingine alikuwepo. Picha ya mtu huyo asiisambaze kwenye magrupu. Huenda amemfananisha, na watu wetu wana mkono mwepesi.

*Si apelekwe tu The Hague? Juma, Temeke*

Hapana, Juma. Mahakama ile huingia pale nchi husika inaposhindwa au kukataa kuendesha kesi kwa dhati, na haigusi yaliyotendeka kabla ya Julai 2002.

*Kwoyelo wa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto. Kumfunga ni haki kweli? Mwanafunzi, Mlimani*

Swali hili limeninyima usingizi. Thomas Kwoyelo alikamatwa 2009, akaomba msamaha waliopewa wenzake wengi; mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema msamaha haufuti makosa mazito dhidi ya raia. Agosti 2024 Mahakama Kuu ya Uganda ilimtia hatiani kwa makosa 44, na Oktoba ikampa miaka 40. Majaji walizingatia kwamba alichukuliwa mdogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutompa adhabu ya kifo. Naona ni sawa. Utoto ulioibwa unapunguza adhabu, lakini makosa aliyohukumiwa aliyatenda akiwa kamanda mtu mzima, na waliobakwa na kufiwa nao walikuwa na utoto wao. Kinachonitia uchungu ni kwamba waliisubiri hukumu hiyo miaka 15.