Nimezima pagefile, sasa Chrome inajifunga yenyewe

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Laptop yangu ni Windows 10, RAM GB 4, hard disk ya kawaida ya GB 500. Ilikuwa nzito, rafiki akanishauri nizime pagefile (faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kuongezea RAM) ili itumie RAM peke yake. Sasa nikifungua Chrome pamoja na Excel inaniambia kumbukumbu haitoshi, Chrome inajifunga, na huku Task Manager inaonyesha RAM haijajaa. Tatizo nini?

Jibu: Rudisha pagefile kwanza. Windows haihesabu tu RAM inayotumika. Huhesabu pia kumbukumbu ambayo programu zimeomba na kukubaliwa, hata kama hazijaigusa. Ukomo wake ni RAM jumlisha pagefile. Wewe umebaki na RAM peke yake, na Chrome ina tabia ya kuomba kingi kuliko inachotumia. Ukomo ukifikiwa, ombi linalofuata hukataliwa na programu iliyoomba huanguka, RAM iwe na nafasi au isiwe nayo. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", kisha "Memory", utazame "Committed". Namba ya kwanza ikiikaribia ya pili, ndiyo hayo.

Kuirudisha: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Fungua "Advanced", bofya "Settings" iliyo chini ya "Performance", ingia "Advanced" nyingine, halafu "Change". Weka tiki kwenye "Automatically manage paging file size for all drives", kubali, washa kompyuta upya. Ukipenda kupanga mwenyewe, ondoa tiki hiyo, chagua C:, kisha "Custom size", andika 4096 na 8192 (ni MB), ubofye "Set". Wengi huruka "Set" wakaenda OK moja kwa moja, na walichoandika hakihifadhiwi.

Uzito wa mwanzo haukuletwa na pagefile. RAM ikibana, Windows hulazimika kusoma na kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Kwa hiyo punguza mzigo: kwenye Task Manager fungua "Startup", zima usivyohitaji vikijiwasha (antivirusi iache), na ndani ya Chrome washa "Memory Saver". Kuzima madoido ya madirisha huokoa RAM kidogo sana, usitegemee maajabu. Na ukiambiwa ukaweke tiki kwenye "Maximum memory" ndani ya msconfig (zana ya Windows ya kupanga inavyowaka), kataa: kazi yake ni kuweka kikomo, haiongezi chochote.

Ukipata fedha, nunua SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), kisha RAM. Pale "Memory" angalia "Slots used". Ikiwa 1 of 2, tundu moja liko wazi. Kabla ya kununua, chomoa kijiti cha RAM kilichomo usome lebo yake: aina za RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani, na mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35 inaweza isiwake kabisa ukiipa DDR3 ya volti 1.5.