Maswali ya Kalamu: Wino Si Herufi

Barua za safari hii karibu zote ni za watu walionunua kalamu ya kishikwambi wakidhani wamenunua karani. Twende moja moja.

Nimeandika namba kwa kalamu ndani ya seli za Excel, tena kwa mwandiko safi. Mbona SUM, fomula ya kujumlisha, inaleta sifuri?

Kwa sababu seli zako ni tupu. Ulichoandika kimelala juu ya jedwali, mithili ya chaki juu ya kioo cha dirisha. Excel inaona mchoro, haioni 450. Na sifuri ndiyo nafuu yako, maana imekustua mapema. Ungepanga upya majina kwa alfabeti, majina yangehama na wino ungeweza kubaki palepale, deni la mtu mmoja likamwangukia mwenzake wa mstari wa juu. Namba ni kazi ya kibodi. Kwenye Excel mimi huitoa kalamu kwa jambo moja tu: kuizungushia duara namba inayonitia shaka kabla ya kikao.

Kwenye Word, masahihisho yangu ya wino yanahama kila nikiongeza aya.

Ni michoro, na umeitia nanga kwenye maandishi ambayo bado yanatembea. Maliza kuandika kwanza, ndipo usahihishe kwa kalamu. Au hifadhi nakala ya PDF uchorechore humo.

Nina kishikwambi. Ninunue kalamu gani?

Kishikwambi gani? Swali hili hunifikia kuliko yote, na kila mara anayeuliza amesahau kutaja jina na toleo. Ni sawa na kuuliza ufunguo gani utafungua mlango, bila kusema mlango upi.

Basi tuseme hivi. Kalamu yenye ncha nene ya mpira ni kidole kirefu, basi. Haijui umekandamiza kiasi gani, wala skrini haiwezi kuitofautisha na ngozi yako. Kuna kalamu zenye betri zinazoelewana na skrini za ukoo wao tu, kama Apple Pencil. Ile ya kwanza ya mwaka 2015 haifanyi kazi kwenye iPad zote, kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja angalia orodha ya matoleo kabla ya kutoa hela. Kuna na S Pen ya Samsung, iliyojengwa kwa teknolojia ya Wacom, kampuni ya kalamu za kidijitali, ambayo haihitaji betri ili iandike kwa kuwa skrini yenyewe ndiyo huipa nguvu. Kalamu bora ya ukoo mmoja ni kijiti tu kwenye ukoo mwingine. Na ukiona boksi limeandikwa kwamba kalamu inafaa skrini zote za kugusa, kwa kawaida umeshika kidole kirefu.

Kiganja changu kinachora mistari ninapoandika.

Kwenye Word au Excel, fungua kichupo cha Draw, zima uchoraji wa kidole. Kama kalamu yako ni ile ya mpira, utakuwa umeizima na yenyewe. Rudi kwenye jibu lililotangulia.

Nikigeuza mwandiko kuwa maandishi, Kiswahili changu kinatoka Kiingereza cha ajabu.

Programu haisomi umbo la herufi peke yake. Hufuata ncha ilivyokwenda, ulipoanzia na ulipoinua mkono, halafu hukisia neno kwa kutazama maneno ya lugha uliyoiwekea. Ukiiachia Kiingereza, itayalazimisha maneno yako yawe ya Kiingereza, na ile alama ya ng' itapotelea njiani. Nenda kwenye mipangilio utafute lugha ya mwandiko, ambayo si lazima iwe lugha ya menyu. Kiswahili kisipokuwemo, acha wino ubaki wino, na yale machache yanayohitaji kuwa herufi uyachape.

Hata hivyo msilalamike sana. Newton, kompyuta ya mkononi ya Apple, ilipotoka 1993 ilichekwa kwa kusoma mwandiko vibaya, na Palm ya 1996, kompyuta nyingine ya mkononi, ikaamua mtu ndiye ajifunze herufi za mashine: A iliandikwa bila kistari chake cha katikati.

Ninachokilalamikia mimi ni watu kugeuza maandishi na kuyatuma bila kuyasoma. Geuza siku ileile, ungali unakumbuka ulichokusudia, kisha pitia tarakimu moja moja. Niliwahi kusambaza muhtasari ambamo 17 yangu ilikuwa imesomwa 11. Watu wakafika siku sita kabla ya kikao.

Nimeyafunika majina kwa wino mweusi kabla ya kutuma faili. Ni salama?

Hapana! Wino uko juu, maneno yako chini, mazima. Aliyepokea faili ya Word atachukua kifutio aupanguse wino wako, au atanakili mstari na kuubandika kwingine. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump kule Marekani, waliwasilisha mahakamani PDF yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Waandishi wa habari wakanakili, wakabandika, wakasoma. Na hao ni mawakili.

Futa maneno yenyewe, andika "jina limeondolewa" mahali pake, kisha ndipo utengeneze PDF. Kama ufuatiliaji wa mabadiliko (Track Changes) ulikuwa umewashwa, yakubali mabadiliko yote kwanza, la sivyo ulichofuta bado kimo ndani kinamsubiri mdadisi.

Sahihi niliyoichora kwa kalamu ni sahihi ya kidijitali?

Ni picha ya sahihi. Ukiiacha kwenye faili ya Word, yeyote anaweza kuinakili na kuipachika chini ya barua ya kuacha kazi yenye jina lako. Sahihi ya kidijitali hutegemea cheti cha kielektroniki kinachomtambulisha aliyesaini, na waraka ukiguswa baada ya kusainiwa hujulikana. Ofisi yako ikiridhika na mchoro, angalau tuma PDF, ukijua kwamba hata humo picha hukatwa.

Ncha ya kalamu imelika upande mmoja. Niendelee nayo?

Ibadilishe leo, kabla haijaanza kukwaruza skrini.