Wasomaji Wanauliza: Picha na Makaratasi ya Marehemu Mchoraji

SWALI: Baba yetu mdogo alikuwa mchoraji na mwalimu wa historia ya sanaa. Ameacha picha kama arobaini, madaftari na maboksi ya barua. Ndugu wanataka kugawana. Mimi naona maisha na kazi zake ziandikwe kwanza. Nianzie wapi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Waombe ndugu wasubiri, kwani picha ikishatawanyika bila kuandikwa, kuijua tena ni ya lini ni kazi ngumu mno.

Nunua kaunta buku. Kila picha ipe namba na uiandike kwa penseli nyuma, kwenye mbao za fremu. Usitumie peni wala maka. Wino hupenya kitambaa ukatokeza mbele. Pima kimo, kisha upana, kwa sentimita, bila fremu ya nje. Andika aina ya rangi, kama amechorea kitambaa au hadibodi, sahihi iko kona ipi, na maneno ya nyuma herufi kwa herufi, hata yakiwa na makosa. Kila moja ipigeni picha kwa kamera mbele na nyuma, mchana, kwenye kivuli cha baraza. Flashi izimwe, maana huacha doa jeupe kwenye picha ya kamera pale rangi inapong'aa.

Mwaka ndio unaosumbua zaidi. Ulioandikwa na marehemu mwenyewe na ule mnaoukisia visichanganywe. Wa kukisia tangulizeni neno "takriban". Mwaka husaidia hata kujua picha ni ya nani: mchoraji Edward Said Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, akafariki 1972. Jina lake limeigwa mno, lakini hadibodi yenye jina hilo na mwaka 1975 haiwezi kuwa ya mkono wake.

Makaratasi nayo ni nusu ya maisha yake. Mchoraji Sam Ntiro alichora maisha ya Uchagani, na picha yake ya 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York. Huyo huyo alikuwa balozi wetu London, 1961 hadi 1964. Picha peke yake haikwambii hilo. Basi gawa ukurasa mara mbili: kushoto ajira, safari na masomo aliyofundisha, kulia picha za mwaka huo huo. Mafungu ya barua yaacheni kwa mpangilio wake. Ondoeni pini na klipu tu, kwa sababu unyevu wa Dar huzitia kutu na kutu hula karatasi. Maboksi yakae juu ya chaga, mbali na sakafu. Msifunge chochote kwa nailoni. Hutoa jasho na kuleta ukungu.

SWALI: Aliyenunua picha ya marehemu anaweza kuichapa kwenye kadi na fulana? (Msomaji huyo huyo)

JIBU: Hapana, mpaka apewe ruhusa. Amenunua picha, hakununua hakimiliki, nayo kwa sheria yetu hudumu miaka 50 baada ya kifo cha msanii. Kwa hiyo hata mkigawana picha, hakimiliki itajwe peke yake kwenye mirathi, na mkubaliane ni nani atakayetia saini ruhusa hizo.